Baba, Nimefanya kama Yule Mfalme wa Urusi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua huko kaburini huitikii, lakini nikianza bila ya shikamoo nitahisi unanikata jicho. Naandika dukani, Mlandege, kila dakika nainuka kutazama saa. Baada ya sala ya alasiri kuna kikao cha kamati ya msikiti wetu, na mimi ndiye katibu.

Unakumbuka ulipotufundisha historia Kidato cha Tatu, nami mwanao nimekaa dawati la mbele naona haya? Siku hiyo ilikuwa zamu ya yule mfalme wa Urusi aliyetaka nchi yake ifanane na Ulaya. Alijenga manowari, akawanyoa mabwana wakubwa ndevu kwa amri. Darasa lilicheka, nawe ukazikamata ndevu zako kama vile mkasi uko mlangoni. Kisha ukaacha mzaha.

"Ndevu zinaota tena," ulisema. "Tazameni kanisani. Kafa mkuu wa kanisa, yeye kaiacha nafasi wazi tu. Watu waliposhazoea, kaweka baraza, na juu yake ofisa wake."

Niliandika, nikapata alama nzuri, nikasahau.

Ulipozidiwa na maradhi uliniita, nikaitika naam. "Uimamu mpeni Makame. Mie nshachoka."

Makame, mwanafunzi wako, fundi seremala mwenye sauti ya kukwaruza. Baba, sikumwambia mtu. Sikuweza kumwona mwengine amesimama pale ulipokuwa ukisimama wewe. Kila nilipoulizwa nilijibu tusubiri kwanza. Watu wakapokezana kusalisha, mpaka wakazoea.

Sasa mwenyekiti kaleta karatasi: hapana haja ya imamu tena, kamati itapanga zamu, na khutba zitapita kwake kwanza. Ni mtu wa maendeleo, feni zote mpya ni juhudi yake, simvunjii heshima. Lakini mlango nimemfungulia mimi. Imebaki sahihi yangu tu.

Moyo haunitulii. Nimetia udhu mara mbili na wakati bado. Namwonea haya Makame, miezi yote hii anawahi kutandika mikeka na hajui kitu.

Niwie radhi, baba. Karatasi naiacha hapa hapa, haina sahihi. Adhana hiyo inaanza, na sauti ile inayokwaruza ni yake. Nakwenda kumpa chake.

Mwanao, niliyechelewa kufikisha ujumbe wako