Rifu ya Mashine ya Baba

Bulapesa,
Isiolo.
9 Juni 2023

Mpendwa binamu yangu Kaburu,

Habari za huko Finland? Natumai mwili una nguvu, wazee unaowauguza hospitalini hawakusumbui sana, na ile baridi ya kugandisha ndevu imeenda zake. Sisi huku tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mama analalamika magoti lakini mkutano wa akina mama kanisani haukosi. Dada yangu Kinanu aliandikwa na kaunti kufundisha chekechea, na sasa hata sisi watu wazima anatuambia tunyamaze tukunje mikono.

Usishangae kuona kalamu. Kuta zetu za mabati unazijua, nikikutumia sauti kwa simu Mama anaisikia kabla yako. Saa hii niko kwa mashine ya kusaga. Dizeli imeisha, Molu, kijana anayenisaidia hapa, ameenda kuileta, na wateja wamekalia magunia yao wakipiga umbea. Hakuna anayejali ninachoandika.

Ujumbe wako niliupata. Nilisoma kwamba unakuja Agosti, kwamba Githae bado ana ngoma zake, kwamba studio imepatikana Nairobi na tunarekodi zile nyimbo za bendi yetu hatimaye. Nilikujibu ndiyo papo hapo, hata sikuosha unga mikononi. Barua hii ni ya kukueleza kwa nini ile "ndiyo" imenikwama kooni.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitafuta rifu, kile kipande cha gitaa cha kurudiwarudiwa, ya kuanzia wimbo, kwa kile chumba chetu cha Umoja, Nairobi. Wewe ulishikilia kwamba rifu ya muziki wetu wa metali si wingi wa noti. Ni ile ambayo mtu akiisikia mara moja, hata kama gitaa hajawahi kulishika, anatoka nje akiiimba kwa mdomo. Nikawasha kile kiboksi cha kukwaruza sauti, nikaegemeza kiganja kwa kamba nene, na mkono ukapiga kitu ulichokuwa unakijua: du-du-gan, du-du-gan, halafu kimya kidogo, halafu gan. Githae alidhani nimeshushiwa kutoka mbinguni. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, kwa sababu ulikuwa unakuja hapa likizo, na ulijua huo ni mshipi wa mashine ya Baba, pale ulipounganishwa, ukigonga gurudumu.

Niliikimbia hii mashine, Kaburu. Niliona vile imemkausha Baba na nikaapa haitanipata. Kumbe niliibeba ndani ya gitaa mpaka Nairobi, na watu wakatikisa vichwa kwayo wakinipigia makofi.

Baba alipopatwa na kiharusi nilikuja na begi moja, nikisema nashikilia tu mpaka asimame. Hajasimama. Mkono wa kushoto ndio mzima, na sauti iliondoka kabisa. Basi kuna mchana nilikuwa uani, nikasikia rifu yangu inapigwa ndani ya nyumba. Nilidhani nimerukwa na akili. Nikaingia mbio, nikamkuta Baba na kijiko, anagonga chuma cha kitanda: du-du-gan. Alitaka maji.

Huyu ndiye aliyeuita muziki wangu wazimu wa kupiga mabati. Na hata sasa sidhani anajua kwamba anapiga wimbo wangu. Yeye anapiga mashine yake. Lakini aliona nilivyokuja mbio, na tangu siku hiyo ndiyo kengele yake.

Akitaka kugeuzwa, anagonga. Akitaka beseni, anagonga. Kinanu akienda, Baba anaangalia ukuta; Mama akienda, anafumba macho. Lazima niwe mimi. Hapa kazini mshipi unaipiga tangu asubuhi, nikifika nyumbani kitanda kinaipokea. Jumapili nikishika gitaa kanisani vidole vinakwenda huko vyenyewe, na kinachonijia kichwani si jukwaa wala taa, ni beseni. Rifu niliyoipenda kuliko zote, naichukia. Nimesema. Niko kama ngamia aliyefungwa goti, malisho anayaona lakini hafiki.

Sasa, kuna mama anaitwa Batula, anakuja kumfanyisha Baba mazoezi ya viungo. Mdomo wake hauna breki. Aliniangalia nikikimbia na maji, akaniambia, "Wewe ndio unamharibu huyu mzee. Anagonga, umefika. Aongee kwa nini?" Akasema koo la Baba halijafa, limezoea vibaya, na nimwache agonge mpaka ajaribu kwa mdomo.

Sikudanganyi, nilifurahi kwa sababu yangu mimi. Baba akiongea, anaweza kumwomba yeyote. Kinanu amletee maji, Mama amgeuze na Molu, na mimi Agosti niko Nairobi nikiwasha ampu ya gitaa. Nikafua nguo za safari mapema, nikazianika mbele ya dirisha la Baba bila kufikiri. Jioni nikawa nakaa kando ya kitanda na Mama tukipanga nani atashika mashine nikienda, na kama nikipata kazi huko nirudi au nisirudi. Tulipanga juu ya kichwa chake kama watu wanaoongea mbele ya gunia.

Jumamosi iliyopita baada ya chakula akagonga. Nikasimama nyuma ya pazia la mlango, nisiingie. Mama akataka kwenda, nikamshika mkono. Baba aligonga kwa nguvu, akapumzika, akagonga tena polepole, mwisho kijiko kikaanguka. Nikasikia koo lake likikwaruza na kukata, likikwaruza na kukata. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, Mungu mpe neno, hata moja.

Akapewa. Aliita jina langu, halafu akasema kwa Kimeru, wazi kabisa, nisiende.

Mama alipiga vigelegele. Gumato, jirani yetu Mborana, alivuka ua na kibuyu cha maziwa, na watu wakajaa mlangoni wakinipa mkono kama bwana harusi. Batula akaniambia, si nilikuambia. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, Baba amenishika kifundo cha mkono, na mkono wenyewe wa kushoto ni wa mtu aliyebeba magunia maisha yake yote. Nililia, wakasema ni furaha. Ilikuwemo furaha. Pia nilitaka kuchomoka na kukimbia bila viatu mpaka Archer's Post.

Tangu hapo hajasema neno lingine. Nilimwokotea kijiko.

Kwa hivyo msiningojee. Githae anajua wapiga gitaa wengi, na wengine, tuseme ukweli, wana vidole vyepesi kunishinda. Ukija Agosti panda mpaka huku umwone Baba Mkubwa wako. Atafurahi, hata kama hatakuambia.

Kinanu anakusalimu, anauliza kama huko kuna bwana yeyote asiyeogopa walimu. Mama anasema uvae soksi mbili na usiache kusali. Msalimie shemeji Wendy, na mtoto wenu Ivy umwambie ana baba mdogo anayesaga unga. Mungu aliyekuvusha bahari akulinde hapo ulipo, akurudishe kwetu na afya yako.

Molu amerudi na dizeli. Naenda kuwasha.

Ndimi nduguyo nikupendaye,
Mwirigi

N.B. Nyimbo zote rekodini, ila ile rifu niachieni. Bado ina kazi hapa nyumbani. Siku Baba atakapoacha kuigonga nitakutumia. Usiniombee siku hiyo ije upesi, Kaburu, na tafadhali, usiniombee ichelewe.