Mtu wa Bima Aliyekula Mlenda Wetu

Marahaba, mjukuu wangu, mume wangu. Huku Mvumi tu wazima, ila mbuzi wa shangazi yako kanitafunia khanga mpya.

Unauliza kama huyo wakala wa bima ya gari anayekufuata nyumbani ni wa kweli. Enzi za Mwingereza babu yako alikuwa na lori. Akaja mtu wa bima, tukampa ugali na mlenda. Kwetu mgeni akishakula humhoji, babu akaona haya kuuliza katumwa na nani, akampa tu hela ya bima. Lori likapinduka njia ya Msalato. Kwenye ofisi ya bima mjini wakamwambia, "Mzee, huyo hatumjui." Lori likawa banda la kuku.

Babu alijilaumu sana. Nikamwambia, "Aibu ni ya yule aliyekula kwetu."

Huyo wakala wako mlishe, lakini kwanza mwambie, "Nipeleke ofisini kwenu."

Bibi yako.