Kasimbe Alipokuja Kanduyi

Jumapili, 4 Agosti 1991
Wamemaliza sasa hivi. Kemboi ameenda kukamua, Hiram amelala mdomo wazi, na mimi ndio nimepata kukaa.

Kila Jumapili ni hii hii. Kemboi anatoka kanisani kwao, anapitia hapa na maziwa, anauliza miguu ya mume wangu iko namna gani, na kabla chai haijafika mezani washaanza. Bendi! Leo wameanza na Les Wanyika, wakaenda Super Mazembe, halafu kama kawaida wakaishia Super Lukuga. Kemboi ati Lukuga walikuwa kelele na suruali pana. Hiram ati Kemboi anapenda gitaa inayolia kama mtoto ameachishwa titi. Nilicheka nikiwa jikoni. Sikuwa nimecheka wiki hii.

Hiram akikaa na huyu rafiki yake, sauti inarudi. Figo zimemmaliza — asubuhi uso umefura, jioni miguu — lakini mtajie Kasimbe, yule Mzaire mwimbaji wa Lukuga, utadhani kesho anarudi kazini kuendesha lori lake la mahindi. Akasimulia tena ile ya hapa Kitale, mwaka wa sabini na tisa. Umeme ulipotea katikati ya wimbo, Kasimbe akashuka kwa watu akaimba bila maiki, ukumbi mzima ukanyamaza kama wanapokea meza ya Bwana. "Muulize Mama Simiyu! Si alikuwa hapo?"

Nilikuwa hapo. Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, nimetoroka chuo. Hiram nilimjulia hapohapo. Alinikanyaga.

Mgongo unauma. Shuka zake bado ziko kwa beseni.

Jumatano, 7 Agosti 1991
Hospitali. Chumvi hapana, maji kidogo kidogo, dawa zilezile. Nikamuuliza daktari kama kuna nafuu mbele. Akaanza kutafuta kalamu yake. Ilikuwa mkononi.

Nimemwambia Hiram wamesema avumilie. Shule zimefungwa, ati niko likizo!

Jumamosi, 10 Agosti 1991
Jotham amekuja kutoka Bungoma, mdogo wake Hiram. Hata hajaketi. "Shemeji, Kasimbe anakuja! Super Lukuga wote! Kanduyi, karibu na kwangu, Jumamosi ijayo mchana. Kweri kabisa!" Akatoa tangazo lililokunjwa, picha imefifia hujui ni uso au jiwe.

Hiram aliomba tu koti lake la kahawia.

Nikasema hapana. Barabara ile, choo, dawa, baridi. Nimesema mpaka sauti ikakauka. Jotham anaangalia sakafu. Hiram akangoja nimalize. "Sasa mimi naenda wapi tena, Mama Simiyu?"

Koti linaning'inia nje linapata hewa. Litamzunguka mara mbili.

Jumapili, 11 Agosti 1991
Kemboi haendi. Ng'ombe wake anakaribia kuzaa na hawezi kumwacha sababu ya kelele. Lakini ameleta blanketi nzito ya Hiram kujifunika njiani.

Jumapili, 18 Agosti 1991
Kanduyi, kwa Jotham. Hiram bado amelala. Naandika kabla hajaamka.

Lori la kazi yake ya zamani lilikuwa linakuja Bungoma, dereva akatuweka mbele. Njia nzima Hiram alipiga vidole kwa goti. Pale penyewe ni kiwanja nyuma ya baa, kimezungushwa mabati, matope mpaka kwa kifundo. Jotham akambeba kaka yake mgongoni, akamweka kwa kiti karibu kabisa na jukwaa. Watu wanabishana kabla vyombo havijafungwa. Mmoja ati alimshika Kasimbe mkono Mumias. Mwingine ati huyo wa Mumias alikuwa mpiga besi, wewe ulikuwa umelewa. Hiram akawaamua kama chifu. Nilimtazama nikasahau kidogo.

Wakapanda. Suti nyeupe, miwani nyeusi, kofia. Mwili umejaa, lakini ni nani hajajaa tangu sabini na tisa? Magitaa sawa. Ngoma sawa. Halafu akafungua mdomo.

Sauti nzuri. Lakini si ile! Kasimbe alikuwa anaimba kama mtu anakuambia siri halafu anajuta. Huyu aliimba vile kaseti inaimba — palepale pa kuvuta pumzi, kicheko kidogo palepale. Nikamgeukia Hiram nimwambie. Alikuwa analia, hafuti.

Nikajiambia ni uchovu wangu. Walipopumzika nikaenda nyuma kutafuta maji ya dawa. Kando ya gari la vyombo Kasimbe amevua miwani, amevua na kiatu, anamwambia mpiga ngoma ati kiatu cha kuazima kinamuua. Kwa Kibukusu. Kibukusu chetu, cha Matulo kabisa, kama cha shangazi zangu!

Kikombe kikanitoka. Akaniona. Akajua nimesikia.

"Mama," akasema, sasa ni Kiswahili, polepole. "Unaenda kutangaza?"

Nikamwambia mume wangu ni yule wa kwa kiti, ni mgonjwa, nataka maji tu.

Akayaleta mwenyewe, anachechemea na soksi moja. Akauliza jina la mzee. Nikasema Hiram. Akauliza kama kuna kitu anapenda. Na mimi — sijui nini iliniingia — nikamwambia yote. Kitale, umeme kupotea, bila maiki. Nilimwambia mpaka wimbo gani.

Waliporudi, katikati ya wimbo huo, akainua mkono, magitaa yakanyamaza. Akaweka maiki chini. Akashuka kwenye matope na suti yake nyeupe, akachuchumaa mbele ya kiti, akaimba. Watu kimya. Hata wale wa baa walitoka. Mwisho akasema: "Kitale, Hiram. Siku ya giza ile. Sijasahau."

Hiram alimshika mikono yote miwili, hakutaka kuiachilia.

Na niandike ukweli, maana hakuna atakayesoma: hapo kwa matope aliimba vizuri kuliko yule wa kwanza. Au ni mimi nilitaka iwe hivyo.

Amka basi, Baba Simiyu. Lori linapita saa nne.

Jumanne, 20 Agosti 1991
Kitale. Amefura sana. Miguu inang'aa. Anamsimulia kila mtu — muuza makaa, mchungaji, mama wa plot tunakopanga. Hadithi inakua. Sasa Kasimbe amemwalika Zaire. Mimi natingisha kichwa, natafuta kitu cha kuosha.

Jumapili, 25 Agosti 1991
Siku mbaya.

Kemboi amekuja na habari ya ndama, jike, mzuri. Hiram hakumpa nafasi. Akaanza kutoka lori mpaka matope. Kemboi alisikiliza yote, kofia kwa goti. Halafu akasema taratibu ati Rotich, mtoto wa dada yake wa Nairobi, anawajua hao watu wa muziki. Kasimbe alirudi kwao zamani na hajatoka tena. Wanaozunguka na jina lake ni wengi. "Hao ni wezi, bana. Wamekudanganya."

Hiram akagonga kiti kwa ngumi. "Aliniita jina! Nani alimwambia jina langu? Nani alimwambia Kitale?"

Kemboi akasema hiyo hajui.

"Mama Simiyu! Wewe ulimwona Kitale, ukamwona Kanduyi. Sema!"

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Wote wawili wananiangalia. Kemboi anajua masikio yangu, tumebishana hapa miaka mingi, hajawahi kunishinda kwa sauti ya mwimbaji.

Nikasema, "Ni yeye."

"Mama Simiyu," Kemboi akasema. "Wewe?"

Akavaa kofia. Chai ameacha nusu.

Hiram alifurahi! Ati umemwona, ameshindwa, hana la kusema. Alisema hivyo mara nyingi. Kufika jioni alikuwa anaangalia mlango.

Jumanne, 27 Agosti 1991
Anakula kidogo sana. Hataki redio. Hataki mimi niongee bendi. Nimejaribu, nimesema Mazembe walikuwa bora kuliko Lukuga, makusudi, anijibu. Akasema labda.

Labda!

Alhamisi, 29 Agosti 1991
Nimetembea mpaka kwa Kemboi. Mke wake Chepkemei akanipa kiti na maziwa, akaona uso wangu, akaenda kuangalia kuku. Kemboi alikuwa anafunga ua. Nikamwambia kila kitu. Kiatu, Kibukusu, jina nililolitoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamwomba arudi Jumapili aseme tu alikosea. Neno moja.

Alikaza waya kwanza.

"Mimi na Hiram tumedanganyana juu ya ng'ombe," akasema. "Juu ya pombe tumedanganyana. Muziki hapana."

Nikasema mtu ni mgonjwa, Kemboi.

"Najua ni mgonjwa. Ndiyo maana nakataa." Akaniangalia sasa. "Tangu tujuane sijawahi kumkubalia kitu juu ya hao Lukuga wake. Siku nikisema ndiyo, atajua anakufa."

Nimerudi na mvua yote mgongoni. Mtoto wetu Simiyu ameandika kutoka kwa nyanya yake, anauliza kama baba amepona. Sijajibu hiyo pia.

Jumapili, 1 Septemba 1991
Amekuja! Sikuwa nategemea. Maziwa mkononi, viatu vya kanisa vimejaa matope. Hiram hajaweza kukaa tangu jana, kwa hivyo nimemwingiza chumbani.

Kemboi alianza mara moja, sauti juu, kama hakuna kilichotokea. Ati asubuhi redioni wamepiga Wanyika, na hiyo ndiyo gitaa, si ile yenu ya kukimbizana kama kuku. Alikuwa anamchokoza waziwazi. Nilimwombea Hiram ashike, ajibu. Ashike tu kidogo.

Hakushika. Aliinua mkono kwa blanketi. "Kemboi. Acha Wanyika. Yule wa Kanduyi. Niambie wewe."

Kemboi akanigeukia. Mimi nikaangalia dirisha — ndiyo, kama yule daktari na kalamu yake.

"Mama Simiyu," Hiram akasema, "tuletee chai." Chai ilikuwa pale kwa stuli, inatoa moshi.

Nimetoka. Niko jikoni, naandika ili mikono iwe na kazi. Mvua imeanza kwa mabati, siwezi kusikia neno. Kupitia mlango naona nusu ya kitanda na mgongo wa Kemboi. Amevuta kiti mpaka mwisho. Ameinama. Anaongea, inachukua muda, si neno moja. Hiram amefunika macho na mkono.

Sasa bega lake linatikisika. La Kemboi pia. Kicheko au ile nyingine, kutoka hapa huwezi kujua.

Nimepika chai mpya. Vikombe vitatu viko kwa trei. Nimesimama nayo, nimeiweka chini tena. Siingii bado.