Maji Moto kwenye Mchungwa

Mwamgongo

Baba Recho,

Huku hatujambo. Recho ameota tena meno ya mbele, na dagaa wamekuwa wengi hata pa kuanikia hapatoshi. Lakini ule unga wa ukungu unaoua wadudu, aliotuletea bwana shamba, umeshindwa. Msimu wa kwanza nzi wa matunda walikufa. Siku hizi wameuzoea, wanatembea juu yake, na kila chungwa ninalopasua lina funza.

Ndiyo maana uliponiambia kwenye simu, "Weka maji moto kwenye michungwa," nilishukuru. Mtandao ukakatika, nami sikungoja. Nilichemsha sufuria nzima nikaumwagia mchungwa wa mlangoni, ule tulioupanda mwaka wa harusi yetu. Nilianza na huo kwa sababu ndio niupendao.

Mwalimu Mwinshehe, mzaliwa wa huko Muheza uliko, alipouona umekauka alishika kichwa. "Mama Recho, maji moto ni wale chungu wekundu wanaoshona majani! Ndio wanaowala nzi."

Nilicheka mbele yake. Alipoondoka, niliingia ndani nikalia. Huku tangu lini tukawaita hivyo? Umekaa huko mpaka umesahau kwamba mimi maji moto nayajua ya sufuria tu.

Mti sijaukata. Njoo uuone, Baba Recho, na uje upesi. Tangu uondoke nimekuwa nikisonga ugali wa watu watatu, ingawa najua hupo. Juzi nilisonga wa wawili, wala mkono haukusita.

Ni mimi,
Mama Recho