Karatasi ya Pili Nyuma ya Fremu

Leonia uko wapi?? Posa yangu imeisha sasa hivi, niko jikoni nimejiziba mdomo na kanga nisicheke!

Akina Abbasi Mabruki wamefika, Bibi Swaumu hata chai hajawakaribisha. "Mabruki ni jina la mtumwa. Mjukuu wangu ana damu ya Kiarabu." Mbele ya wazee wa watu! Mtumwa!!

Si akainuka kuwaonyesha ile hukumu ya mirathi ya mwaka 63 aliyoitundika sebuleni? Ile inayosema mama yake, Batuli, ni mtoto halali wa Mwarabu Sefu bin Hilali, na nyumba hii ni urithi wake.

Kuishika tu, fremu ikafunguka. Karatasi ya pili ikadondoka miguuni kwa Mzee Omari, babu yake Abbasi. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Shahidi Mabruki anaapa: Mama yake Batuli ni Sikuzani, mtumwa aliyefanywa suria na Sefu. Ni dada yangu, tumbo moja. Tulitekwa pamoja Manyema, tukaletwa Tabora na msafara mmoja."

Mzee akavua miwani: "Mabruki huyu ni babu yangu."

Yaani mtoto wa suria ni halali kisheria, na bila kiapo cha Mabruki kuthibitisha hilo, Bibi asingekuwa na sebule ya kutukania watu!

Bibi akatengeneza mtandio, akakohoa. "Kumbe ni wa kwetu. Sasa mbona mmekaa mlangoni kama wageni?" Akanigeukia mimi: "Na wewe, chai iko wapi?"

Nimekubaliwa, Leonia!! Ila ukija kula pilau, usiniulize nani alilegeza misumari ya ile fremu jana.