Breki ya Winchi

Genkuru,
14 Septemba 2025

Kaka yangu Nyangwine,

Shikamoo. Habari za hapo Susuni? Najua mmekosa usingizi tangu Alhamisi. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaumwa.

Nimetoka hospitali mchana huu. Mwanao Werema anakunywa uji, na ameanza kunisumbua nimpelekee kuku wa kukaanga. Mguu umebaki, ila vidole vitatu vimeondolewa. Wifi analala chini kwenye kitenge na hataki nimpokee zamu.

Msimamizi wa mgodi alikuambia kwamba Werema alisimama mahali pasiporuhusiwa, ndoo ya mawe ikamwangukia. Si kweli, kaka. Alisimama wanaposimama wote. Breki ya winchi iliteleza, ndoo ikarudi shimoni yenyewe.

Unajua kazi yangu hapa ni kuandika. Nina daftari la nusura ajali: jambo lolote lililotaka kuumiza mtu likashindwa naliandika siku hiyohiyo, na mashine inasimama mpaka fundi aikague. Getini kuna ubao wa siku za usalama, na nusura moja tu inaurudisha kwenye sifuri. Tajiri alituahidi ng'ombe siku hizo zikifika mia mbili na hamsini. Tulishagawana nyama kwa mdomo. Mimi, mjinga, nilidai maini.

Sasa nifike ninapopaogopa. Wiki tatu zilizopita breki hiyohiyo iliteleza mbele ya macho yangu. Ndoo ilianguka, chini hakukuwa na mtu. Nilipofungua daftari, mwendesha winchi akaja kunisihi. Ni Tomaso, kaka, mwenzako mliyetahiriwa naye msimu mmoja. Alisema winchi ikisimama atafukuzwa, na kwamba dada wa mtu wa rika lake hawezi kumchoma. Akanikumbusha kwamba watoto wako ni watoto wake. Nikaandika "Hakuna". Wiki iliyofuata ikateleza tena, nikaandika "Hakuna" bila hata kuombwa.

Sasa msimamizi ananionyesha mwandiko wangu mwenyewe. Anasema mashine haijawahi kuwa na kasoro, kwa hiyo kosa ni la Werema. Mkaguzi wa migodi anakuja Jumanne. Nikisema ukweli, nafukuzwa mimi, na Tomaso huenda akafungwa. Nikinyamaza, mtoto atabeba kosa letu juu ya mguu ule. Nimebanwa kila upande.

Leo Tomaso alikuja hospitali na maziwa. Alimnywesha Werema kwa mkono wake huku analia, na mtoto akamwambia asante baba. Nikatoka nje, sikuweza kuvumilia.

Niliporudi mgodini nililifungua daftari. Chini ya kila "Hakuna" nimeandika kilichotokea, saa yake, na jina langu, kwa wino. Nitalikabidhi kwa mkaguzi mkononi. Sikuombi ruhusa, kaka. Nimeshindwa kuyasema haya kwenye simu, na sikutaka uyasikie kwanza kwa Tomaso. Barua hii anakuletea mwenzangu wa kazini, Elieth.

Wasalimie watoto na majirani wote. Mama yake Tomaso naye, hapo mlango wa pili, mpe salamu zangu, kama bado atazipokea. Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako,
Wegesa