Mrithi wa Ukoko

Mwanangu,

Uji wako mwepesi nimeuweka kwenye chupa. Unywe polepole, kama alivyoagiza daktari aliyekupunguza tumbo kwa upasuaji. Dawa usisahau. Na magauni yangu usiyaguse, hata yatakapoanza kukutosha.

Asubuhi uliposema, "Mama, nimeshiba," baada ya vijiko vitatu tu, sikununa. Niliinuka mezani kwa sababu neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwako. Utotoni ulikwangua ukoko wa sufuria kwa kelele mpaka jirani akajua tumemaliza kula.

~~Sufuria kubwa mpe jirani.~~ Iache hapo hapo. Nimeikwangua mwenyewe kabla ya kutoka, kwa kelele zako zile zile, ukiwa umelala.

Nimekwenda kununua kikombe kidogo. Nitachukua viwili, usishibe peke yako.

Mama yako, mrithi wa ukoko